Gitaa langu liligeuka tui: finishi inavyokauka, na isivyokauka, kwa hewa ya Zanzibar

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, mvua ikakatika kidogo baada ya laasiri nami nikaona ndo nafasi yenyewe hii. Gitaa lishakamilika, mgongo na mbavu mkangazi, uso paina ya Mafinga niliyoichagua ubao mmoja mmoja mpaka muuza mbao akachoka na mie. Nikalitundika uani kwenye waya wa kuanikia nguo, nikakoroga laka, ile finishi ya kung'arishia mbao, na thina ya kuizimulia, nikapuliza mkono wa kwanza. Mashaallah ikakaa, inang'aa kama maji. Nikageuka kuweka kopo chini, kurudi naona uso umeingia ukungu mweupe, kama mtu kamwaga tui jepesi halafu akapangusa kwa kiganja. Nikasema labda bado mbichi, nikapuliza mkono mwengine juu yake, na hapo ndo nikaharibu kabisa.

Siku ile nililaumu kila mtu, nikalaumu duka lililoniuzia thina, nikamlaumu na jirani anayepuliza magari aliyeniazima bunduki yake, na kumbe hakuna aliyekosa hapo ila mie sikujua kitu kimoja, kwamba finishi si kile kilichomo ndani ya kopo. Finishi ni namna kile kitu kinavyokauka, na kinakaukia wapi. Sasa hivi vijana wengi wanajitengenezea magitaa wenyewe kwa kuangalia video, mtu wa Marekani anakwambia subiri dakika 45 puliza tena, sawa, lakini yule yuko kwenye chumba kikavu chenye mashine ya kuvuta unyevu na wewe uko Jang'ombe uani na bahari haiko mbali. Dakika zake si zako.

Tuanze hapa kwanza, maana ukilielewa hili mengine yote yanajieleza. Kuna ukaukaji wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni kama chumvi ya bwawani, maji ya bahari yanaondoka na jua, chumvi inabaki, haikugeuka kitu, ukiimwagia maji inayeyuka tena. Laka ya nitroselulosi iko hivo, na shelaki (utomvu wa mdudu, nitaueleza mbele) iko hivo, thina au spiriti inaondoka, kinachobaki ni kile kile kilichokuwemo. Wa pili ni kama saruji, ile haikauki kwa maji kuondoka, inageuka, na ikishageuka hata uitie kwenye pipa la maji haitorudi kuwa unga. Mafuta ya kitani, vanishi za mafuta, na zile klia za magari, yaani rangi angavu ya juu kabisa, za kuchanganya na hadena ya kuigandisha, zote ni saruji. Watu wanachanganya hizi mbili ndo maana ushauri unagongana, mmoja anakwambia ukikosea puliza thina juu itajirekebisha, mwengine anakwambia ukikosea shika msasa uanze upya, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kopo lake.

Faida ya chumvi ni kwamba mkono mpya unayeyusha ule wa chini kidogo halafu inakuwa ngozi moja, kwa hiyo kiraka hakionekani. Ya saruji kila mkono unakaa juu ya mwenzake kama karatasi, lazima ukwaruze na msasa ndo ushike, na ukija kusugua ukatoboa tabaka moja utaona mstari kama ramani ya kisiwa, na ule mstari hautoki.

Sasa lile tui langu. Thina inapopaa inachukua joto, wewe mwenyewe ukijipaka spiriti mkononi unasikia baridi, sio? Basi na uso wa gitaa unapoa vile vile, tena thina rahisi zinapaa haraka sana kwa hiyo zinapoza sana. Hewa nayo ina kiwango chake cha baridi ambacho ikifika tu inatoa jasho, kama bilauri ya maji ya barafu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kutoa umande kwenye nyuzi 18 hivi, kwa hiyo uso wa gitaa una nafasi ya kupoa nyuzi 11 au 12 bila tabu. Lakini hewa ya nyuzi 30 hizo hizo yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu wakati wa masika si jambo la ajabu, inatoa umande kwenye nyuzi 26. Nyuzi nne tu! Thina inapoza zaidi ya hapo bila hata kujitahidi. Umande unatua ndani ya laka mbichi, maji yananaswa humo, na hilo ndo tui.

Ukishajua hivo dawa unaweza kuibuni mwenyewe. Tumia thina inayopaa taratibu, wapaka magari wanayo, wanaiita retada, unatia kidogo ndani ya thina yako, uso haupoi kwa ghafla na maji yanapata muda wa kutoka kabla ngozi haijafunga. Usipulize asubuhi mapema wala magharibi, unyevu unapanda nyakati hizo hata kama hakuna mvua, saa saba mpaka saa tisa mchana ndo hewa iko kavu kuliko wakati mwengine wa siku. Puliza mikono myepesi, si mizito. Na kama lishapauka usilie, pulizia ukungu mwembamba wa hiyo retada peke yake, ile ngozi inafunguka tena, maji yanatoka, rangi inarudi (ndo faida ya chumvi hiyo). Mie sikujua, nikalifunika tui kwa laka mpya, nikalifungia maji ndani.

Msimu pia una maneno yake. Masika usihangaike, fanya kazi ya kuchonga na kugundisha, ingawa hata gundi inachelewa. Kipupwe ni kizuri, hewa imepoa na imetulia unyevu, ila kusi inapovuma vumbi na majani vinakuja kukaa kwenye finishi mbichi kama wageni wa harusi. Kaskazini ya Januari na Februari ni joto, kunakauka haraka, ila usiweke gitaa juani, ubao unatanuka, gundi inalainika na laka inatokwa na malengelenge. Waliokulia Pemba wanaijua hii habari kwenye karafuu, ukizianika vibaya zinakuwa mpeta, ukiona wingu lazima ukimbie jamvini kabla ya tone la kwanza. Mie nimenunua kipima unyevu kidogo cha bei ya chini, nimekitundika ukutani, kikivuka 70 naacha kila kitu naenda kunywa kahawa.

Kabla ya kuchagua finishi mtazame udi, ule wa nyuzi unaopigwa kwenye taarabu. Sie tuna bahati, tumekulia na vyombo vya muziki, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tokea 1905, na karibu kila mtu mjini ameshauona udi kwa karibu. Angalia uso wake, udi mwingi uso hauna kitu, ubao mtupu au kilichopakwa ni kama hakipo, mgongo ndo unang'aa, na pale risha ya kupigia nyuzi inapopita kuna kipande kimebandikwa kuzuia mikwaruzo. Sababu ni kwamba uso ndo unaotoa sauti, ni ubao mwembamba, wa gitaa milimita mbili na nusu mpaka tatu, na chochote utakachoupaka ni mzigo unaubebesha. Laka iliyopulizwa vizuri ukishamaliza kila kitu inakuwa sehemu ya kumi ya milimita hivi, kama karatasi ya daftari, shelaki inaweza kuwa nusu ya hapo, na yale magitaa ya bei poa ya kiwandani yana plastiki nene mara tatu yake. Sikwambii kwamba finishi ndo inayoleta sauti, hapana, ubao na namna ulivyochonga ndo mwanzo, lakini finishi nene inaweza kuiba ulichokipata. Na kitu chengine, hakuna finishi inayozuia unyevu kuingia kwenye mbao, inauchelewesha tu. Gitaa litapumua.

Basi tuje kwenye maandalizi, hapa ndo kazi yenyewe na hapa ndo watu wanakimbia. Finishi haifichi kosa, inalitangaza. Gundi nyeupe iliyotapakaa kwenye kiungo ukaifuta kwa kidole, huioni sasa, lakini finishi ikigusa tu linatokea doa la rangi ya maziwa maana pale mbao haikunywa. Njia ya kuyaona mapema ni kupitisha kitambaa chenye thina kote, mbao inaiva rangi kwa muda, madoa yote yanajitokeza, unayatia alama ya penseli, unayakwangua. Kukwangua mie natumia kipande cha kioo kilichovunjika, kama mafundi wetu wa zamani walivyofanya, ukikivunja vizuri kina ukali unaotoa nyuzi laini kuliko msasa, ila shika na kitambaa, damu kwenye paina haitoki.

Msasa anza namba 120 kama kuna alama za randa, halafu 180, halafu 220, na kwa mbao ngumu malizia 320. Usiruke. Anayeruka kutoka 120 kwenda 320 anang'arisha vilele vya mikwaruzo tu, mabonde yanabaki, na laka ikishakaa yanaonekana kama njia za ng'ombe. Fuata njia ya mbao, usisugue kwa kukata. Zima taa, washa tochi ya simu uilaze ubavuni karibu na ubao, kila kosa linatoa kivuli. Halafu pitisha kitambaa kibichi kidogo, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyeshewa, subiri vikauke, vikate na 320 kwa mkono mwepesi. Ukifanya hivo mara mbili finishi ya maji au ya spiriti haitokushtua.

Mkangazi, mvule, mninga, hizi zina vitundu. Ukipaka laka juu yake bila kuvijaza, laka inazama humo na baada ya miezi unaona uso una vidimbwi vidogo vidogo ingawa siku ya kwanza ulikuwa kioo. Mafundi wengi wa makabati wanachanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe, kwa kabati sawa, kwa gitaa sikushauri, gundi ile haiivi rangi inabaki na mabaka. Njia mbili nzuri ni hizi: epoksi nyembamba (ile gundi ya kuchanganya vitu viwili) unaipaka kwa kadi ya simu na kuikwangua hapo hapo ukabakisha iliyozama tu, au pumisi na shelaki kwa mtindo wa zamani. Pumisi ni lile jiwe jepesi linaloelea, la kusugulia visigino, lakini unalotaka ni unga wake laini kabisa. (Jiwe hili lina hadithi yake, Krakatau, volkano ya Indonesia, ilipolipuka 1883 mapande yake yalielea Bahari ya Hindi nzima na mwaka uliofuata yakatua pwani zetu. Mie nimeshayatafuta ufukweni, sijaokota la maana.) Unga unatiwa kidogo kwenye kitambaa chenye spiriti, unasaga mbao, vumbi la mbao yenyewe linachanganyika na shelaki na kujaza vitundu kwa rangi ile ile.

Paina haina shida ya vitundu ila ina utomvu. Fundo likiwa na utomvu halikauki, litapenyeza laka baadae, tena siku za joto. Mkono mmoja mwembamba wa shelaki unaufungia. Mtiki na mpingo ni shida tofauti, zina mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi na mafuta kushika, zifute na thina dakika chache kabla ya kupaka, au nazo zianzishie shelaki. Mpingo wa kwenye shingo, pale kwenye vidole, mie sipaki kitu kabisa, nasugua mpaka msasa wa 1000 unang'aa wenyewe.

Shelaki nimeshaitaja mara kadhaa, bora niieleze. Ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayekaa kwenye miti, India na Thailand ndo wanaovuna, unakuja kama vipande vyembamba vya rangi ya asali. Mie nililetewa na ndugu aliyekwenda India kwa matibabu, akacheka sana alipoambiwa ni wadudu. Unayeyusha kwenye spiriti, gramu 120 kwa lita ndo mchanganyiko mwepesi wa kupaka kwa kitambaa, gramu 240 mzito wa kuanzia. Changanya kidogo, cha wiki chache, kwa sababu ikikaa kwenye spiriti muda mrefu inabadilika kidogo kidogo na baada ya nusu mwaka au mwaka inaweza isikauke kabisa, inabaki kunata. Tia tone kwenye kioo, kesho yake bonyeza na ukucha, likibonyea mwaga.

Spiriti yenyewe angalia. Ile ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, ukiyeyushia shelaki unapata tui lile lile la mwanzo. Ile iliyotiwa rangi inaweza kuupaka uso mweupe kivuli cha zambarau. Tafuta kali kuliko zote na funga kopo kila ukichovya, maana spiriti inavuta maji ya hewani yenyewe, na hewa yetu inayo ya kutosha.

Kupaka, unachukua pamba unaizungushia kitambaa cheupe cha fulana kuukuu, pamba tupu, si kanga, spiriti itatoa rangi ya kanga na utapata gitaa lenye methali. Unatia shelaki ndani ya pamba, si juu ya kitambaa, unabonyeza kwenye karatasi mpaka iache alama kavu kidogo, halafu unaingia juu ya ubao kama ndege inavyotua na kutoka kama inavyoruka. Usisimame! Ukisimama sekunde moja kitambaa kinanata na kung'oa yote. Zungusha miduara midogo, halafu namba nane, halafu mistari iliyonyooka. Kikianza kukokota gusa tone moja la mafuta ya zeituni kwa kidole, tone, si kijiko. Nusu saa inatosha kwa siku, pumzisha mpaka kesho, rudia, baada ya siku kumi au kumi na tano utaona kina kinaanza kutokea kama unatazama maji ya Forodhani maji yakijaa. Mwisho kitambaa kipya chenye spiriti kidogo sana kinavuta yale mafuta yaliyobaki juu. Haitaki kompresa, haitaki chumba, haina sumu ya kutisha, na ikipata mkwaruzo unairekebisha hata baada ya miaka. Ubaya wake ni jasho. Mkono wa kulia unapolalia gitaa na joto letu hili, shelaki inalainika na kushika alama, na nyuma ya shingo itakwisha mapema. Kwa hiyo mie uso na mgongo napaka shelaki, shingo napaka mafuta.

Na kwenye mafuta ndo kuna ugomvi mkubwa, maana kila mtu atakwambia paka ya nazi, si tunayo tele? Hapana. Mafuta yanakauka kwa kula hewa ya oksijeni na kufungamana, na yanaweza hivo kama yana viungio vilivyo wazi ndani yake. Ya nazi karibu asilimia 90 ni yale yaliyoshiba, hayana pa kushikia, kwa hiyo hayakauki milele, yanabaki, yanachacha, yanavuta vumbi. Ya ufuta yanajitahidi kidogo lakini hayafiki. Ya kitani yanafika, hasa yale yaliyotiwa dawa ya kukausha. Ami yangu alikuwa akiunda vyombo vya baharini na alipaka mbao za jahazi sifa, mafuta ya ini la papa, na chini ya maji deheni ya shahamu na chokaa, na hata yeye nilipomuuliza kuhusu gitaa alisema, "Sifa unaitaka? Paka, halafu ukapige mwenyewe peke yako baharini." Harufu ile haitoki.

Mafuta ya kitani yana hatari moja ambayo watu hawaamini mpaka waione. Matambara uliyofutia ukiyakunja ukayatupa kwenye pipa, yanapokula hewa yanatoa joto, joto halina pa kutokea, linapanda, linawaka moto lenyewe bila kiberiti, usiku wewe umelala. Yatandaze moja moja nje mpaka yawe makavu, au yaloweke ndani ya maji.

Klia ya magari yenye hadena sitosema mengi. Ni ngumu, ni nzuri, na hata Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakipaka rangi za magari za DuPont, kwa hiyo jirani yangu wa gereji si mjinga. Lakini hadena ya leo ina kemikali ya aisosayaneti, ikiingia mapafuni kwa ukungu wa bunduki inaweza kukupa pumu ya kudumu, barakoa ya kitambaa haizuii chochote, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira, na hata watu wa gereji wengi hawaivai. Tena ikikutana na unyevu inatoa gesi na kuacha vitundu kama chapati ya maji. Ukiitaka kweli mpelekee mpulizaji mwenye vifaa vyake, mwambie mikono miwili tu, atashangaa, mshikilie.

Kitu kidogo ambacho kinavunja magitaa, kabla ya kupaka chochote ziba na maskingtepu pale briji, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni, itakapokaa, na uso wote wa shingo wa vidole. Gundi inashika mbao kwa mbao, ukigundisha briji juu ya laka umegundisha kwenye laka, na nyuzi zinavuta kwa uzito wa mtu mzima, siku moja mchana wa joto utasikia mlio chumbani.

Halafu kusubiri. Laka inaonekana kavu baada ya saa moja lakini thina iliyozama inachukua wiki tatu mpaka nne kutoka, kwetu nasubiri nne, masika hata sita. Nusa, kama pua bado inasikia thina usiguse. Ukisugua mapema inang'aa leo, mwezi ujao inazama na mikwaruzo yote inarudi. Ikishaiva, msasa wa maji 1000, 1500, 2000, na tone la sabuni ndani ya ndoo, halafu dawa ya kung'arishia magari isiyo na silikoni. Shelaki haitaki maji, ile sugua na mafuta. Pembeni nenda polepole, ndo panapotoboka.

Lile la kwanza la Aprili nililiosha lote kwa thina na matambara, siku mbili, nikalipaka shelaki kipupwe kilipoingia. Uso umetoka vizuri, ila karibu na shimo, upande wa nyuzi nene, kuna wingu dogo jeupe lililozama ndani ya paina na halikutaka kutoka. Watoto wa skuli wanaokuja kujifunza hapa nyumbani wanadhani ni pambo, mmoja ameniuliza nililitia vipi.